Musa aliitazama kazi kwanza

Masomo: Kutoka 39:32-43, Matendo 9:36-42

 

Leo nazungumza juu ya furaha ya fundi anayeshukuriwa. Simsemi fundi mwenye atelye na kibao mlangoni. Namsema yule ambaye hakusomea ufundi, anatengeneza kwa mapendo tu.

Katika korali yetu hapa Golf yuko kijana wa namna hiyo. Magita yakiharibika yanapelekwa kwake. Mnajua kiangazi chetu: mvua ikishakatika, hewa inakauka, mbao zinajikunja, na kile kibao kinachoshika nyuzi juu ya tumbo la gita kinaanza kubanduka. Mwaka huu mama mmoja mjane alileta gita la marehemu bwana wake. Kijana alilegeza nyuzi, akakwangua kole ya zamani mpaka mbao zikaonekana safi, akatia kole mpya kidogo, akakibana kibao kwa kanda za mpira wa ndani wa tairi ya velo, akaliacha siku mbili. Hakuomba franga hata moja.

Wengi huchukua gita lao na kusema “Mungu akubariki” wakiwa wamekwisha kugeuka. (Kole hainunuliwi kwa amina, mkumbuke hilo.) Mama yule alikaa. Alipitisha kidole pale kibao kinapokutana na tumbo, akatafuta ufa, asiuone. Akamwambia mtoto wake apige. Kisha akauliza: “Mwanangu, ulikibana na nini?” Kijana akaeleza karibu nusu saa. Nilikuwepo, nikauona uso wake. Baadaye akanijia kwa haya: “Pasta, ni dhambi kufurahi hivi?”

Swali hilo si dogo. Sisi Wapentekoste tumefundishwa kuogopa sifa, na ni kweli Yesu, katika Matayo 6, anawaonya wanaotenda mema ili watazamwe na watu. Lakini kijana huyu hakupiga tarumbeta. Alikuwa peke yake na kole yake, na furaha ilimkuta kazi imekwisha. Nilimjibu: hapana, si dhambi.

Someni Kutoka 39. Bezaleli, Oholiabu na wenzao wamemaliza kazi ya hema: mapazia, mbao, kinara cha taa, mavazi ya makuhani. Wanamletea Musa vyote. Musa alikuwa na taifa zima la kuongoza, angeweza kusema amina na kuendelea na safari. Lakini mstari wa 43 unatuonyesha kwamba aliitazama kazi yote, akaona imefanywa kama Bwana alivyoagiza, ndipo akawabariki. Macho yalitangulia, mkono ukafuata. Wachungaji wengi tunainua mkono haraka sana, na macho hayafiki kabisa.

Na sisi watu wa Katanga tungepaswa kulielewa jambo hili upesi, maana hii ni nchi ya gita. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, na gita moja likasikika mbali sana na Kongo. Mtaniambia ule ni muziki wa dunia. Sawa. Lakini jina la mpigaji tunalo. Majina ya wale waliobandika magita yaliyopasuka, nani anayo?

Kule Yafa wajane walijua kushukuru. Tabita, aitwaye Dorkasi, alipokufa, walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakusema tu kwamba alikuwa mama mwema. Walileta kazi yenyewe, mishono ionekane. Shida ni kwamba mwenye kazi alikuwa amelazwa mle mle chumbani, ameoshwa tayari, hasikii neno.

Petro akawatoa wote nje, akapiga magoti, akaomba, akamwita kwa jina. Tabita akafungua macho. Ndipo wajane wakaitwa warudi ndani. Biblia haisemi kama walikuwa wangali wameshika zile nguo. Mimi napenda kufikiri kwamba walikuwa nazo, na kwamba mara hii walimwonyesha yeye mwenyewe.