Kijani cha Mtoni



Tuanzie huko juu, Kajulu, Mto Kibos unakoteremka kutoka upande wa Nandi. Kanyaga jiwe mtoni, utateleza. Utelezi ule ni mwani. Unanasa mwanga wa jua, unajitengenezea chakula na kutoa oksijeni. Wataalamu huiita kazi hiyo uzalishaji wa msingi. Wadudu wachanga hukwangua mwani huo maweni, samaki nao huwala wadudu. Palipo na kivuli cha miti na maji yaendayo kasi, mwani hauzidi kiasi.

Mto Auji, unaopita hapa Nyalenda ukielekea Dunga, una mambo mengine. Jua kali, mwendo wa pole, majitaka ya vyoo, mbolea ya mashamba. Nitrojeni na fosforasi zikijaa, mwani hushamiri, na mtu akiona kijani husema maji yana uhai. Yanao kweli. Shida ni usiku.

Mchana mwani hutoa oksijeni nyingi kuliko inayotumika. Jua likizama, hauitoi tena, bali huivuta tu, huku bakteria wanaoozesha uchafu wakiivuta pia. Ndiyo maana samaki huonekana wakihema juu ya maji alfajiri. Anayepima oksijeni saa saba mchana tu, kisha akaondoka ameridhika, kwangu mimi hajapima mto.

Iko njia ya zamani ninayoipenda ya kupima kazi ya mwani. Jaza chupa mbili maji yaleyale, moja angavu, nyingine uifunike isipate mwanga hata chembe, uzining'inize mtoni saa kadhaa. Ya giza hupoteza oksijeni tu. Angavu huipoteza na kuitengeneza. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kazi yote ya mwani.

Maji ya mito hii, pamoja na mbolea na majitaka yake, huishia Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria. Vipimo vya upande wa Uganda vilionyesha kwamba kati ya miaka ya 1960 na 1990 uzalishaji wa mwani katika Ziwa Victoria uliongezeka takriban maradufu. Aina nyingine za mwani wa kijani-buluu hutoa sumu, na kuchemsha maji, kunakoua vijidudu, hakuiondoi sumu hiyo. Ukikuta utando mzito wa kijani ufuoni, usiteke hapo, wala usimwache mbuzi wako anywe.