Sheria ya Kuazima, Hoja za Kwetu



Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri ya China, aliifahamu vyema hoja ya Mfaransa Montesquieu ya kugawa madaraka ya dola katika mihimili mitatu. Aliikubali, ila akasema haitoshi. Kwa karne nyingi Wachina walikuwa na mitihani ya kuwapata watumishi wa mfalme, na walikuwa na wakaguzi wenye kazi ya kuwachunguza maofisa na hata kumkosoa mfalme mwenyewe. Basi akaongeza mhimili wa mitihani na mhimili wa udhibiti. Mwaka 1928 serikali ya chama chake huko Nanjing ilianza kupangwa kwa mihimili mitano. Taiwan wanayo mpaka leo.

Wachina walisukumwa pia. Mataifa ya Magharibi yalikataa raia wao wahukumiwe kwa sheria za China, na hiyo ni sababu mojawapo iliyomfanya ofisa Shen Jiaben asimamie tafsiri za sheria za kigeni na kufutwa kwa adhabu za kikatili mwaka 1905. Lakini waliosoma, waliochagua na waliokataa walikuwa Wachina wenyewe.

Sisi Watanzania hatukuchagua; tulipewa tarehe. Amri ya Mfalme wa Uingereza ya mwaka 1920 ilisema Tanganyika ifuate sheria za Uingereza kama zilivyokuwa Julai 22 mwaka huo. Mila zetu zikaachwa, mradi zisipingane na haki na maadili. Haki na maadili ya nani? Jibu lilitoka mwaka 1938 katika shauri la Wanyaturu, jirani zetu sisi wa Bahi, Dodoma: Gwao bin Kilimo dhidi ya Kisunda bin Ifuti. Ng'ombe wa baba walikamatwa ili kulipa deni ambalo mwanawe alihukumiwa kulipa, na ikadaiwa kwamba mila inaruhusu. Jaji Wilson alikiri kwamba kila jamii ina kipimo chake cha haki, kisha akaamua kuwa mahakama ya Kiingereza haina kipimo kingine isipokuwa cha Kiingereza. Huenda baba yule alistahili kurudishiwa mifugo yake. Kinachoniuma ni kwamba kipimo kilichotumika hakikuwa cha Wanyaturu wenyewe.

Baada ya uhuru, kazi ya kuitengeneza upya sheria hiyo ilianza. Wengi hutaja Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoziweka ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja. Mimi naona mfano ulio karibu zaidi na ule wa Sun Yat-sen ni Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya 1966. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa kuweka haki za binadamu katika katiba, ikihofia kwamba majaji wangeizuia kazi ya kujenga nchi. Badala yake ikachukua wazo la Waskandinavia la ofisa wa kusikiliza malalamiko ya raia, ikaligeuza kuwa tume. Chini ya Chifu Erasto Mang'enya, makamishna walizunguka mikoani kusikiliza wananchi. Ulikuwa ubunifu wa kweli. Lakini matokeo ya uchunguzi yalikwenda kwa Rais, naye ndiye aliyeamua la kufanya. Mwananchi alipata wa kumsikiliza, hakupata hukumu. Haki za binadamu ziliingizwa katika katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988.

Hapo ndipo Dodoma inapoingia. Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu mjini humo, Jaji James Mwalusanya alisikiliza shauri la Mbushuu na mwenzake, akapima hoja za mahakama za nchi nyingi, akatamka kwamba adhabu ya kifo inavunja katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha. Hata hivyo ikaiacha ibaki, kwa kuwa katiba inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma, na ikasema jamii ndiyo iamuayo kama adhabu hiyo inahitajika. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri la Makwanyane, iliitafakari hukumu hiyo yetu, ikaifuta adhabu ya kifo kwao. Hoja iliyojengwa Dodoma ilisomwa Johannesburg na majaji waliokuwa wakiunda nchi mpya.

Je, hapa Bahi hukumu hiyo imesomwa? Iliandikwa kwa Kiingereza. Jamii iliyotajwa kuwa mwamuzi ni ninyi mnaolima mpunga, mnaochunga na mnaochemsha chumvi, ninyi mnaokaa na hakimu kama wazee wa baraza. Naviomba vyuo vya Dodoma vinavyofundisha sheria vitafsiri hukumu zote mbili kwa Kiswahili na kuzileta katika mikutano mikuu ya vijiji, ya Mwalusanya na ya Rufani kwa pamoja, zisomwe kwa sauti na zijibiwe. Majibu yenu yaandikwe, yapelekwe bungeni, kwa sababu adhabu ile bado imo katika sheria zetu.