Mazuku, Kisima na Askari Mwokoaji

Mazungumzo ya leo yanawahusu kwanza wapiganaji wa jeshi na askari polisi walioko katika vituo vya mipakani, na kwa namna ya pekee wale ambao zamu zao huwapitisha chini ya milima ya volkano.

Bugeshi ni tarafa ya wilaya ya Rubavu, kaskazini-magharibi ya Rwanda, katika sehemu ambayo hadi mwisho wa mwaka 2005 ilikuwa ndani ya mkoa wa Gisenyi. Upande wake mmoja ni mpaka na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Udongo wake umetokana na volkano, nao humpa mkulima viazi mviringo kwa wingi. Ng'ambo ya mpaka umesimama mlima Nyiragongo, ambao uliripuka mwaka 1977, ukaripuka tena mwaka 2002, na mara nyingine tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, ambapo maelfu ya wakazi wa Goma walivuka mpaka usiku huo huo kutafuta usalama Rubavu.

Moto wa mlima huonekana kwa mbali, na mwenye miguu huukimbia. Lakini katika mripuko ule wa mwaka 2021 taarifa zilieleza kwamba baadhi ya waliopoteza maisha hawakuguswa na moto hata kidogo. Walikuwa wakijaribu kukatisha juu ya uji wa volkano ulioanza kupoa, wakaishiwa pumzi kwa gesi iliyokuwa ikitoka humo.

Wenyeji wa Goma na Sake, kwenye pwani ya kaskazini ya Ziwa Kivu, wana neno lao la Kiswahili kwa hewa inayoua bila moto: mazuku. Ni hewa ya ukaa inayopenya kutoka ardhini na kutulia mabondeni na mashimoni. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya uzito wa hewa ya kawaida, na kwa sababu hiyo hutuama kama maji. Mchana jua na upepo huitawanya. Usiku na alfajiri, hewa inapokuwa baridi na tulivu, hujikusanya upya. Mbuzi aliyekufa bondeni asubuhi bila jeraha lolote ni tangazo tosha kwa mwenyeji. Mgeni hupita akishangaa tu, na wakati mwingine husogea kumtazama.

Askari wa doria mara nyingi ni mgeni. Isitoshe, mafunzo yake yenyewe humpeleka kwenye hatari hii. Amefundishwa kutafuta mahali pa chini, kujificha katika kijibonde, kuchimba handaki, kulala kifudifudi anaposikia mlio asioujua. Mafunzo hayo ni mema dhidi ya risasi. Dhidi ya mazuku ni kinyume kabisa, maana mtu aliyesimama anaweza kupumua salama mahali ambapo mtoto, mbwa au mtu aliyelala atakufa. Kamanda anayechagua mahali pa kikosi kulala katika nchi ya namna hii hana budi kuwauliza wenyeji kwanza, na kupendelea mwinuko unaopigwa na upepo, hata kama kikosi kitalalamikia baridi.

Hata hivyo si lazima kuwe na volkano ndipo hewa iue. Kisima kilichoachwa muda mrefu, shimo la choo, tangi la maji lililofunikwa, pipa kubwa la kuchachushia pombe, ghala la chini lisilo na dirisha: kote humo hewa yaweza kuharibika. Vitu vinavyooza hula oksijeni na kutoa gesi nyingine. Chuma kinachopata kutu ndani ya tangi lililofungwa nacho hula oksijeni, jambo ambalo wengi hawalijui, hata mafundi wazoefu. Katika hewa ya kawaida oksijeni ni asilimia 21 hivi. Miongozo mingi ya usalama kazini huhesabu kuwa hewa yenye oksijeni chini ya asilimia 19.5 haifai kuingiwa. Kwa hewa ya ukaa, kiasi kinachokubaliwa kwa zamu ya saa nane ni nusu ya asilimia moja. Ikifika asilimia 4 huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai, na ikizidi asilimia 10 mtu huzirai kabla hajapata wasaa wa kupanda ngazi.

Na hapo ndipo askari anapoitwa. Mchimbaji ameteremka kisimani, hajibu. Ndugu yake amemfuata, naye hajibu. Wanakijiji wanakimbilia kituoni, na wawili wenye sare wanafika wakihema, huku umati ukilia na kuwasukuma kwa macho. Wa kwanza anavua mkanda na kushika ngazi.

Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari mwaka 1986 kuhusu vifo vya mahali pa kufungika kama hapo. Ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa walikuwa ni watu waliokwenda kuokoa. Takwimu hiyo yafaa kusomwa mara mbili. Maana yake ni kwamba katika ajali za namna hii waokoaji waliokufa ni wengi kuliko wale waliotangulia kupatwa na ajali.

Miongozo ya usalama kazini, iwe ile iliyoandikwa chini ya kanuni za Uingereza za mwaka 1997 kuhusu mahali pa kufungika au ile ya nchi nyingine zenye viwanda, inaafikiana katika mambo makubwa. Kazi inayoweza kufanywa kutoka nje isifanywe ndani. Ikiwa hapana budi kuingia, hewa ipimwe kwanza kwa kipimo kinachoteremshwa kwa kamba, juu, katikati na chini, kwa kuwa gesi nzito hukaa chini na nyepesi hukaa juu. Anayeingia awe amefungwa mkanda wenye kamba, na mwisho wa kamba uwe mikononi mwa mtu wa nje ambaye hana kazi nyingine. Na mipango ya kuokoa iwe tayari kabla ya mtu wa kwanza kuingia, si baada ya kuanguka.

Zipo desturi zinazoaminiwa ambazo zapasa kuachwa. Kuteremsha taa au mshumaa kisimani ni moja. Mwali unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari inamdhuru mtu. Na ikiwa humo mna methani, gesi ambayo Ziwa Kivu lenyewe limejaa nayo na ambayo shimo la choo pia huizalisha, mwali huo unaweza kuripua. Nyingine inawahusu wanajeshi zaidi. Kinyago cha gesi cha askari huchuja sumu fulani fulani kutoka katika hewa. Hakitengenezi oksijeni, na hewa ya ukaa hakiizuii. Mpiganaji aliyekivaa na kuteremka katika shimo lisilo na oksijeni atakufa akiwa amekivaa sawasawa. Kifaa kinachofaa ni kile chenye mtungi wake wa hewa mgongoni, kama wanachotumia askari wa zimamoto, na chafaa kwa aliyefundishwa kukitumia tu.

Kuna wanaodhani kwamba miongozo ya namna hii ni ya viwanda na makarani wake, na kwamba kambini na kituoni kuna amri tu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unapotaja wafanyakazi unawataja pia watumishi wa umma. Tanzania ilitunga Sheria yake ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2003, na Kenya mwaka 2007, zote zikimtwisha mwajiri mzigo wa kujua hatari iliyopo kabla hajamtuma mtu. Kambi ina matangi ya kusafishwa, ina mashimo ya maji machafu, ina maghala. Anayepangiwa kazi hizo kwa kawaida ni kuruta, au askari aliye katika adhabu, na ni nadra kuonekana mtu amesimama juu na kamba.

Lililo gumu ni kumwambia askari asimame ukingoni. Amekula kiapo kutomwacha mwenzake, na umati unamtazama. Si haki kumwachia askari wa cheo cha chini auamue peke yake mgongano huo katika nusu dakika. Uamuzi huo ni wa kamanda, nao hufanywa mapema: kwa zoezi linalorudiwa hadi mikono ijue yenyewe, kwa kamba, mkanda na kipimo cha hewa vinavyokaa kituoni na kukaguliwa kama bunduki zinavyokaguliwa, na kwa amri ya wazi kwamba asiyefungwa kamba hateremki.

Mwenye amri hiyo atakapofika kisimani ana mengi ya kufanya. Atawarudisha watu nyuma, atazima jiko na sigara zilizo karibu, na atatuma mjumbe au kupiga redio kuita zimamoto. Akiwa na feni au pampu, atapeleka hewa safi chini kwa mpira. Lakini si oksijeni tupu ya hospitali, kwani hiyo hugeuza cheche ndogo kuwa moto mkubwa. Kama aliyeanguka alikuwa amefungwa kamba, watu watatu au wanne watamvuta juu, na anaweza kuwa bado anapumua.