Mzee Afike Hospitali, na Aeleweke

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa niseme juu ya wazee na safari ya hospitali. Nitaanzia mbali, huko Marekani, halafu turudi nyumbani. Najua mtu atauliza: nchi tajiri kama ile, shida inatoka wapi? Hebu ngojeni kidogo.

Marekani kuna watu zaidi ya milioni 40 wanaoongea Kihispania nyumbani. Wengi wao Kiingereza wanakijua vizuri. Lakini wako wazee waliotoka Mexico na nchi za jirani wakiwa watu wazima, wakafanya kazi za shamba na za mjengo, na Kiingereza hakikuwaingia. Kando ya mpaka wa Texas na Mexico kuna makao yao yanayoitwa "colonias". Mengi yalijengwa bila lami wala mitaro. Mvua ikinyesha ni tope tu, na basi la mjini liko mbali. Mnaona? Ni kama kwetu. Mzee macho yakififia na kuacha kuendesha gari, amefungiwa nyumbani.

Serikali yao haikukaa bure. Tangu 1965 iko Medicare, bima ya wenye miaka 65 na zaidi. Lakini kwa kawaida bima hiyo hailipii gari la kwenda kliniki, hulipia ambulansi tu, tena kwa masharti. Ile nyingine, Medicaid, ya watu wa kipato kidogo, ndiyo hulipia usafiri. Sasa, gari lenyewe huombwa kwa simu, mara nyingi siku kadhaa kabla. Mzee anapiga, anajibiwa kwa Kiingereza, anaweka simu chini. Gari liko, pesa iko, na mzee yuko nyumbani.

Haya, tuseme amefika. Chupa ya dawa imeandikwa "once a day", yaani mara moja kwa siku. Lakini kwa Kihispania, herufi hizo hizo, o-n-c-e, ni kumi na moja! Mzee wa presha akimeza vidonge kumi na moja, tutakuwa tunasema mengine.

Mnamo 1980 huko Florida, kijana wa miaka 18, Willie Ramirez, alipelekwa hospitali akiwa amezimia. Jamaa zake walisema ni "intoxicado", wakimaanisha amekula kitu kibaya. Madaktari wakaelewa ni dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja kichwani. Alipooza mikono na miguu. Kufika alifika. Kueleweka ndiko kulikokosekana.

Walifanya nini? Wako wanawake wanaoitwa "promotoras". Ni watu wa mtaa ule ule, wamefunzwa mambo ya afya. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanasaidia kujaza fomu na kuelekeza wazee kwenye kliniki. Sehemu nyingine majirani hujitolea kuwapeleka wazee kwa magari yao. Na sheria ya afya ya 2010, pamoja na kanuni zake, inazitaka hospitali zinazopokea pesa za serikali kuu kutoa mkalimani bila malipo. Mtoto asitumiwe kutafsiri, isipokuwa kwa dharura. Hapo wana akili. Ni nyanya gani atataja shida ya mkojo mbele ya mjukuu wake?

Turudi kwetu. Sisi tunachanga pesa ya bodaboda au matatu, tunampandisha nyanya na mjukuu wa darasa la sita, tunasema kazi imekwisha. Huko muuguzi ametoka sehemu nyingine, nyanya anajua lugha ya mama tu. Anarudi na dawa asiyojua inamezwa vipi. Nauli yetu imepotea, na ugonjwa uko pale pale.

Kwa hivyo naomba kila kikundi kichague mtu mzima mmoja, anayejua lugha ya mzee na Kiswahili, tena anayejua kuweka siri. Nauli yake ichangwe pamoja na ya mzee. Kabla hawajatoka kliniki, mzee mwenyewe arudie kwa mdomo wake: dawa hii mara ngapi, na nirudi lini. Akikosea, aelezwe tena.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Ni wazee wangapi kwetu walikosa kliniki mwezi uliopita? Ilikuwa nauli, au lugha?

2. Ni nani tunamwamini awe mdomo wa mzee?