Kelele Katika Radio: Hotuba kwa Wakazi wa Mitaa ya Mashariki ya Nairobi



Tuseme mzee mmoja aketi kibarazani jioni na kufungua radio yake ya masafa ya kati, apate kusikia habari. Badala ya sauti ya mtangazaji asikia mvumo kama mvua ya mawe juu ya mabati. Aipiga makofi, kisha aipeleka kwa fundi na kulipa shilingi zake, kumbe radio haina kosa lo lote. Kosa li chumba cha pili, katika chaja ya simu iliyonunuliwa kwa bei nafuu mno.

Chombo cho chote kinachokata na kuunganisha stima upesi upesi hutupa mawimbi hewani, ijapokuwa hakikutengenezwa kuwa radio. Chaja huwa hivyo, na taa nyingi za LED pia. Tangu mwaka 1934 kamati ya mataifa iitwayo CISPR imeshughulika na kuweka vipimo vya mawimbi hayo. Mtengenezaji mwaminifu hutia ndani ya chombo waya uliozungushwa na kapasita ili kuyazuia. Mwenye tamaa huviacha, akapunguza gharama. Hasara humwangukia jirani, na katika Eastlands jirani yu ng'ambo ya ukuta mmoja tu.

Vibaya zaidi ni vyombo vya kukuza nguvu ya simu, ambavyo wengine huviweka juu ya paa bila idhini. Chombo cha namna hiyo kikiwekwa vibaya hupiga kelele katika mnara wa simu, na mnara ukawa kama mtu aliyezibwa masikio. Mwenye nyumba asema simu yake yasikika vizuri sana. Huku mtaa wa pili mama mwenye uchungu wa kuzaa apiga simu apate gari, asipate.

Tena kuna mitambo midogo ya kutangaza kwa FM isiyo na leseni. Namba za FM huishia megahezi 108, na papo hapo juu yake huanza masafa ya ndege, hata 137. Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958, u karibu na mitaa hii. Rubani ashukaye hana nafasi ya kusikiliza muziki wa mtu.

Kwa hiyo, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998, kutangaza kwahitaji leseni, na vyombo vya mawasiliano vyapaswa kukubaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kuuzwa au kutumiwa.

Atakaye kujua kelele zatoka wapi na atwae radio ndogo ya betri, aiweke masafa ya kati mahali pasipo na kituo, kisha azime swichi kuu ya nyumba. Kelele zikikoma, mkosaji yumo humo ndani. Awashe vyombo kimoja kimoja hata amjue. Zisipokoma, atembee na radio mpaka zizidi, apige hodi kwa upole. Jirani akikataa, Mamlaka ipewe habari, pamoja na saa kelele zianzapo na kituo kiharibiwacho, kwa maana kelele zilizonyamaza kabla ya mafundi kufika ni taabu kuzikamata.