Mashine Isomayo Jani la Mhogo: Haki ya Mkulima Iko Wapi?

(Mazungumzo na viongozi wa walei wa Kibaha na Kisarawe)





Nimeombwa niseme nanyi juu ya akili mnemba, yaani mitambo iliyofundishwa kufanya kazi ambazo zamani tulidhani ni za akili ya binadamu peke yake: kutambua sura, kuelewa maneno, kuongoza roboti kiwandani. Wengi wetu hufikiri kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. La hasha. Yamekwisha kuingia katika mashamba ya mihogo ya mkoa wetu wa Pwani. Basi tuyatazame kwa njia tuliyoizoea: kuona, kuamua na kutenda.

1. KUONA

Wakulima wetu wanasumbuliwa na maradhi mawili ya mihogo. La kwanza ni batobato: jani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. La pili ni michirizi ya kahawia, ambayo wataalamu waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936, huko Amani, Tanganyika. Hili la pili ni la hila. Mmea waweza kusimama vizuri, majani ya chini yakiwa na umanjano kidogo tu kando ya mishipa. Lakini siku ya kuchimba, mama anakuta mihogo imeoza kwa ndani, mikavu, ya rangi ya kahawia. Hailiki wala haiuziki. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Hapa anayeficha ni mmea, na anayelia ni mkulima.

Maradhi yote mawili huletwa na virusi. Huenezwa na inzi weupe, na huenezwa na sisi wenyewe tunapokata mbegu katika shamba gonjwa na kumgawia jirani kwa moyo mwema. Mhogo ukiisha kuambukizwa, hakuna dawa ya kuuponya.

Hapo ndipo mashine ilipoingia. Chuo Kikuu cha Pennsylvania State cha Marekani, kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti ya IITA, shirika la FAO na wengine, waliunda programu ya simu iitwayo Nuru. Mkulima huelekeza kamera ya simu kwenye jani, nayo humwambia kama inaona batobato, michirizi ya kahawia au madhara ya utitiri wa kijani. Inapofanya kazi shambani haihitaji intaneti. Nayo ilijifunzaje? Kwa kuonyeshwa picha nyingi za majani, mazima na magonjwa. Utafiti wa mwanzo, uliochapishwa mwaka 2017, ulitumia picha zaidi ya 2,700 zilizopigwa katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Kwa maneno mengine, mashine hii ilisomeshwa kwa majani ya pwani yetu.

2. KUAMUA

Je, inasema kweli? Mwaka 2020 watafiti walitoa matokeo ya majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki. Nuru ilitambua dalili kwa usahihi wa asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58. Wakulima kati ya 18 na 31. Ilipopimwa shambani kwa majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, ilifikia kati ya asilimia 74 na 88.

Takwimu hizi zisitufanye tuwadharau wakulima. Zatuonyesha tu jinsi walivyoachwa bila mafunzo. Wala tusiiabudu mashine: hata kwa majani sita, bado hukosea. Tena husoma jani tu. Haiuoni muhogo ulio ardhini. Kwa hiyo neno lake ni ushauri, si hukumu.

Lakini swali kubwa la haki ni hili: baada ya mashine kusema, nini kinafuata? Tumchukulie mama mjane wa Kisarawe mwenye nusu ekari. Simu ya kijana wa jirani inamwambia kwamba mihogo yake ni migonjwa, hana budi kuing'oa. Ataing'oa, kisha watoto wale nini? Atapanda nini, ikiwa mbegu safi iko mbali na ina bei? Kumpa maskini habari za ugonjwa bila kumpa njia ya kutoka ni kumwongezea mzigo. Na ikiwa majani ya pwani yameifundisha mashine, ni haki faida yake irudi kwa watu wa pwani, hata kwa asiye na simu.

Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani, tarehe 1 Januari 2024, alizungumzia akili mnemba na amani. Amani hiyo huanzia mahali padogo: katika chungu cha mama huyu.

3. KUTENDA

Yatupasa kufanya mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila jumuiya iwe na kijana mmoja mwenye simu atakayepita mashambani bila malipo, akianza na wajane na wazee. Apime majani sita, si moja.

Pili, kabla ya kung'oa shamba zima, tumwite bwana shamba athibitishe.

Tatu, tusigawiane mbegu tusizozikagua. Tuulize habari za mbegu safi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kibaha, na tununue kwa wazalishaji waliokaguliwa na TOSCI. Jumuiya ianzishe shamba moja dogo la mbegu kwa ajili ya wasio na uwezo.

Nne, katika mikutano ya kijiji tudai bajeti ya ugani. Mtu asituambie kwamba kwa kuwa kuna simu, bwana shamba hahitajiki tena.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, nani hana simu wala msaidizi? Nani atamfikia?
2. Mbegu tulizopanda msimu uliopita zilitoka wapi?
3. Mwenzetu akilazimika kung'oa shamba lake, tutamlisha kwa muda gani, na kwa mpango upi?