Sharti Kabla ya Kutua: Maelezo ya Marubani kama Tendo la Lugha

Neno rubani lilikuwa la bahari kabla ya kuwa la anga: lilimtaja mjuzi aliyeingiza chombo bandarini pasipo kugonga mwamba. Rubani wa ndege anayeshuka mawinguni ana kazi iyo hiyo, ila huongozwa na vyombo vya kupimia na ramani. Kabla ya kushuka huwaeleza wenzake jinsi watakavyotua. Mhadhara huu unayatazama maelezo hayo kama tendo la lugha.

Maudhui yake yanafahamika: jina na tarehe ya ramani, masafa ya redio, mwelekeo, kimo cha kila hatua, kimo cha mwisho, vilima vya karibu, mitambo isiyofanya kazi, na njia ya kupaa tena endapo kutua kutashindikana. Lakini kuyataja si sawa na kukubaliana.

Usiku wa tarehe 6 Agosti 1997, ndege ya Korean Air, safari namba 801, iligonga kilima cha Nimitz kisiwani Guam. Kati ya watu 254 waliokuwamo, 228 walifariki. Mtambo unaoonyesha mteremko wa kutua haukuwa ukifanya kazi. Rubani mkuu alilieleza hilo, akataja na kimo cha mwisho, futi 560. Lakini alitarajia kuuona uwanja kwa macho, na vimo vya hatua za kati hakuvieleza. Futi 1,440, ambazo ndege haikupaswa kuwa chini yake mpaka ikivuke kilima, zilitajwa baadaye, wakati wa kushuka. Rubani msaidizi alipopendekeza wakatishe, zilikuwa zimebaki sekunde chache. Wachunguzi wa Marekani walihitimisha kuwa maelezo hayakutosheleza, na kwamba wasaidizi hawakufuatilia ipasavyo mwenendo wa mkuu wao.

Makosa hayo mawili yanahusiana. Kiini cha maelezo ni sentensi ya sharti: "Tusipoiona njia ya kutua katika kimo hiki, tutapaa." Kwa kiambishi -sipo-, uamuzi hufanywa mapema, na mdogo hukabidhiwa kipimo. Akisema "tupae", hamkosoi mkubwa wake, jambo lililo zito penye kuheshimu cheo. Anamkumbusha kauli yake mwenyewe. Sharti lisipotamkwa, msaidizi hubaki na shaka tu, na shaka hukawia kusema.

Baada ya ajali hubaki -ngali-: wangalikubaliana, wangalipaa. Hiyo ni lugha ya wachunguzi. Wanaoshuka wanahitaji -sipo-, nayo itamkwe wakati wa kuitekeleza ungalipo.